Kukodisha shamba kwa mitambo ya betri za stima: mwongozo kamili kwa mwenye ardhi Kenya

Wageni wa kampuni za betri za stima huja na pikapu nyeupe, saa nne asubuhi, na kabla ya kupiga hodi huwa wameshapiga picha nguzo. Waangalie hapo. Macho yao yako juu kwenye waya, mihogo yako hawaioni. Shamba liwe la kichanga au la mfinyanzi, lizae lisizae, kwao ni mamoja. Wanatafuta nusu ekari hadi ekari moja hivi, tambarare, isiyotuama maji wakati wa masika, yenye njia ya lori, na iliyo karibu na sabustesheni, yaani kile kituo cha kupozea umeme chenye ua wa waya na alama ya fuvu.

Unachokodisha basi ni ujirani na stima, na bei yake haipimwi kwa bei ya ekari ya mihogo. Hilo lishike mapema.

Betri zenyewe ni makontena. Moja la futi 20 la siku hizi hubeba kati ya megawati-saa 3 na 5 (megawati-saa moja ni megawati moja ikitoka kwa saa nzima), na uzito wake waweza kufika tani 40. Mtambo mdogo wa megawati 5 unaotoa stima kwa saa nne ni makontena manne hadi saba, pamoja na inveta (kifaa cha kugeuza stima ya betri iwe ya gridi), transfoma, chumba cha swichi na ua. Kazi yake ni kujaza stima inapokuwa nyingi na kuirudisha kwenye gridi inapotafutwa. Kenya mahitaji hupanda kuanzia saa moja usiku, watu wakiwasha taa na televisheni, na siku za kilele hupita megawati 2,300. Usiku wa manane yanashuka sana, ilhali mvuke wa Olkaria unaozalisha stima unaendelea kutoka ardhini vilevile. Pengo hilo ndilo duka la mwenye betri.

Duka lenyewe ni jipya pande zetu. Afrika Kusini, Eskom, shirika la stima la huko, ilizindua mtambo wa Hex karibu na Worcester mwaka 2023, megawati 20 na megawati-saa 100. Malawi wana betri ya megawati 5 pale Golomoti, imefungwa pamoja na sola tangu 2022. Kwetu Kenya mikataba inayoletwa mezani imenakiliwa kutoka kwa ile ya sola, ya upepo na ya minara ya simu, na hiyo nimeisoma mingi, maana nimekaa miaka kadhaa kama karani katika ofisi ya wakili huku Pwani, nikichapa na kupeleka makaratasi masijala. Mimi si wakili. Ninayoyasema hapa ni yale ambayo mteja huyajua akiwa amechelewa.

Mzee mmoja alikuja ofisini akiwa na furaha: ameahidiwa laki nne kwa mwaka, miaka 25. Nikamuuliza, "Kuanzia lini, mzee?" Akaigeuza karatasi mbele na nyuma. Haikuandikwa.

Hatua ya 1: Kabla ya lolote, jua ardhi ni ya nani

Usicheke. Huku Pwani, na hata bara, mashamba mengi bado yana jina la babu aliyezikwa humo humo. Ukitia saini kukodisha shamba la marehemu bila barua za usimamizi wa mirathi, mkataba huo hauna miguu, na Sheria ya Mirathi inahesabu kuingilia mali ya marehemu kuwa kosa. Kwa hiyo anza mirathi sasa, hata kama hakuna pikapu iliyokuja. Familia za Kiislamu zaweza kupitia kwa kadhi. Kama kuna ndugu Muscat au Dubai, na mara nyingi yupo, saini yake itahitajika au atoe wakala kwa maandishi, ushuhudiwe rasmi huko aliko kisha usajiliwe hapa. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp kwamba "mimi sina neno" hausajiliki.

Hati ikiwa ni yako, fanya sachi rasmi mwenyewe, yaani upekuzi wa hati kwenye daftari la ardhi. Kaunti zilizoingizwa Ardhisasa, mfumo wa serikali wa ardhi, unafanya mtandaoni, kwingine unakwenda ofisi ya ardhi na nakala ya hati. Unatafuta mambo matatu: jina, zuio, na rehani. Ukiwa na mkopo wa benki au Sacco juu ya hati hiyo, huwezi kukodisha kwa muda unaozidi mwaka mmoja bila idhini ya maandishi ya aliyekukopesha. Kaiombe mapema, maana benki hujibu taratibu.

Kisha mke au mume. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inasema mali ya ndoa haiuzwi, haitolewi zawadi, haikodishwi wala kuwekwa rehani bila idhini ya wote wawili. Nitalirudia hili kwenye habari ya bodi ya ardhi, kwa sababu niliona lilivyokwama.

Mwisho, bikoni, zile alama za mpaka. Mwite mpima ardhi aliyesajiliwa azitafute. Jirani akishalima hatua kumi ndani ya mpaka wako, mgogoro huo utaibuka siku kampuni inapopiga ua, wala si kabla. Mwonyeshe pia laini kubwa ikiwa inapita juu ya shamba: chini ya laini ya kilovolti 132 kuna ukanda wa mita 30 usioruhusu ujenzi, kwa kilovolti 220 ni mita 40, kwa 400 ni 60. Wenye shamba wengi huhesabu eneo hilo kana kwamba linakodishika. Makontena hayatakaa hapo.

Ardhi ya jamii ni habari nyingine kabisa. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016, makubaliano na mwekezaji yanahitaji kupitishwa na theluthi mbili ya wanajamii watu wazima katika mkutano wao. Mwenyekiti wa kikundi akikuambia ameshasaini kwa niaba yenu, mwambie alete kumbukumbu za mkutano huo.

Hatua ya 2: Jua mgeni ni nani

Ingia eCitizen, lipia, utoe CR12 ya kampuni. Utaona wakurugenzi na wenye hisa. Mara nyingi utakuta kampuni ilizaliwa miezi mitatu iliyopita, ina mtaji mdogo wa karatasi, na mwenye hisa ni kampuni nyingine ya nje. Hilo peke yake si wizi. Miradi ya nishati hujengwa hivyo, kila mradi na kampuni yake, ili mmoja ukianguka usiangushe mingine. Ila maana yake kwako ni kwamba ukija kudai, utakuwa unaidai kampuni isiyo na kitu. Dawa yake ni dhamana ya maandishi kutoka kwa kampuni mama, na habari ya dhamana nitaigusa tena kwenye suala la kuondoa mitambo.

Wengine si kampuni hata kidogo, ni madalali. Wanakusanya saini za wenye mashamba kisha wanaziuza. Utawajua kwa swali moja: "Mmewahi kuunganisha mtambo gani kwenye gridi, na uko wapi?" Mwenye mtambo atakupa jina la mahali na atakupeleka ukauone. Dalali atakuonyesha picha kwenye simu.

Hatua ya 3: Uliza habari za laini kabla ya kuuliza kodi

Hapa ndipo wengi tunapopita mbio, na hapa ndipo pesa zilipo.

Betri bila ruhusa ya kuunganishwa na gridi ni makontena ya chuma tu. Kampuni inahitaji, kwa uchache, utafiti wa gridi unaoonyesha kwamba kituo kile cha kupozea umeme kina nafasi, mnunuzi wa hiyo stima au huduma, na leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati, chini ya Sheria ya Nishati ya 2019. Kwa sasa mnunuzi mkubwa wa stima ya gridi nchini ni Kenya Power, hivyo njia karibu zote zinaishia mlangoni kwake. Waulize: mmeandikiana barua gani na Kenya Power? Na KETRACO, kampuni ya serikali ya kusafirisha umeme, ikiwa ni laini kubwa? Nionyesheni.

Mifano ya kusubiri ipo. Mitambo 365 ya upepo ya Lake Turkana, Marsabit, ilikuwa tayari mwanzoni mwa 2017. Laini ya kuipeleka stima hadi Suswa, zaidi ya kilomita 400, ikaja kuwashwa Septemba 2018. Huo ulikuwa mradi wenye nguvu ya serikali nyuma yake. Kisha mwaka 2021 serikali ikaunda jopo la kupitia mikataba ya kununua umeme na mikataba mipya ikasimamishwa. Waliokuwa wamefunga ardhi kwa ajili ya miradi iliyosubiri mikataba hiyo walibaki wakiitazama.

Mwenye kampuni ana subira, maana kushikilia shamba lako hakumgharimu kitu. Isipokuwa wewe ufanye limgharimu.

Hatua ya 4: Mkataba wa kuishikilia ardhi

Hutaletewa mkataba wa kukodisha moja kwa moja. Kwanza unaletewa mkataba wa kuishikilia ardhi: kampuni inapata haki ya kukodisha siku ikitaka, ndani ya muda fulani, na wewe huna ruhusa ya kumpa mtu mwingine wala kujenga. Ikiona haifai inaondoka. Wewe huondoki.

Kwenye karatasi nyingi muda huu ni miaka mitatu, ikiongezeka mitano, na malipo yake ni kitu cha kununulia mbuzi. Mimi nikikaa na mteja huwa namwambia hivi: ile kodi ya miaka 25 iweke pembeni kabisa, ijadili kama mali ya wajukuu. Pesa yenye uhakika ni ya kipindi hiki cha kusubiri, kwa kuwa miradi mingi haivuki hapa. Kwa hiyo pigania mambo haya.

Malipo ya kila mwaka, yalipwe mwanzo wa mwaka, yasirudishwe hata mradi ukifa. Yapande kila mwaka unaoongezwa: mwaka wa kwanza kiasi, wa pili zaidi, wa tatu maradufu, ili kusubiri kuwaume. Nyongeza ya muda isiwe ya bure wala ya kujiendesha yenyewe. Wakitaka mwaka wa nne, waje na ushahidi kwamba wameomba nafasi kwenye gridi, wameanza utafiti wa mazingira, au wamepata barua ya mnunuzi. Wasipokuja nao, ardhi inafunguka yenyewe bila wewe kwenda mahakamani.

Endelea kulima. Iandikwe kwamba wakati wote wa kusubiri unaweza kupanda mazao ya msimu, na kwamba siku wakitaka kuanza kazi watakupa notisi ya kutosha uvune au wakulipe. Minazi, mikorosho na miembe ihesabiwe mmoja mmoja na bei ya fidia iandikwe leo. Mnazi ukishakatwa hauna shahidi.

Na eneo. Wasishikilie ekari kumi kwa mradi wa ekari moja. Chora mstari siku hiyo hiyo, uambatishwe kwenye mkataba ukiwa na vipimo.

Hatua ya 5: Kodi, na hesabu yake

Jambo la kwanza ni kipimo. Ukikubali kodi kwa ekari, betri inakushinda, kwa kuwa inabana mali nyingi mahali padogo. Leo ni makontena manne, kesho wanapanga mengine manne juu ya ekari ileile na kodi haibadiliki. Dai kodi kwa megawati, yenye kiwango cha chini kisichoshuka, na kipengele kwamba mtambo ukiongezwa kodi inaongezeka tangu siku hiyo.

Jambo la pili ni nyongeza. Tuchukue zile laki nne za mzee wangu. Kampuni ikiandika "asilimia 10 kila baada ya miaka mitano", kwa miaka 25 atapata jumla ya shilingi 12,210,200, na mwaka wa mwisho atakuwa analipwa 585,640. Ikiandikwa asilimia 5 kila mwaka, jumla ni karibu milioni 19, na mwaka wa mwisho ni karibu milioni 1.3. Tofauti inakaribia milioni saba na imo katika mstari mmoja wa ukurasa wa sita, ule watu hufungua huku chai inamiminwa. Mzee alipoiona ile hesabu kwenye kikokotoo changu alivua kofia.

Nyongeza ya kufuata mfumuko wa bei ni nzuri pia, ikiwa ina kima cha chini. Ikiwa na kima cha juu peke yake, ikatae.

Kodi ianze lini? Isiseme "mtambo utakapoanza kazi". Ianze siku wanapoingia na greda. Kipindi cha ujenzi kiwe na kodi yake, hata ikiwa nusu, kwa sababu shamba limeshakwenda.

Kabla ya kutaja bei, zungumza na majirani. Mashamba yanayopakana na kituo kile huenda ni matatu tu. Kampuni itayatembelea yote na kumwambia kila mmoja kwamba mwenzake ameshakubali kwa bei ndogo. Mkishakaa barazani mkalinganisha, mchezo huo unakwisha.

Hatua ya 6: Vipengele vya kusoma mara mbili

Rehani. Kampuni itakopa benki, na benki itataka kushika mkataba wa kukodisha. Hilo ni la kawaida, likubali. Ila iandikwe wazi kwamba kinachowekwa rehani ni haki ya mpangaji peke yake, na hati ya mwenye ardhi haiguswi. Hati halisi isitoke mkononi mwako au kwa wakili wako "kwa ajili ya kufuatilia". Ikihitajika masijala, wakili wako aipeleke.

Kuuziana. Watataka uhuru wa kuuza mkataba kwa kampuni nyingine. Kubali kwa sharti la notisi, na kwamba mnunuzi achukue madeni yote pamoja na dhamana ya kuondoa mitambo.

Njia ya kebo na ya lori. Haki ya kupitisha kebo ife siku mkataba unapokufa, isibaki juu ya hati yako milele. Njia ya lori ipimwe na ijengwe na wao. Kontena la tani 40 likipita juu ya bomba la maji la kijiji, utatafutwa wewe uliyezaliwa hapo.

Moto. Usiogope kuuliza, na usikubali kuambiwa haitokei. Tarehe 16 Januari 2025 betri zilizokuwa ndani ya jengo pale Moss Landing, California, ziliwaka na watu wakahamishwa. Kabla ya hapo, Julai 2021, kule karibu na Geelong, Australia, kontena moja liliwaka wakati wa majaribio baada ya kimiminika cha kupoza kuvuja. Moto ukahamia la pili, ukaishia hapo. Angalia tofauti: mambo yanayosaidia ni makontena ya nje yaliyoachana, maji ya kutosha, na watu wanaojua kwamba hilo kontena halifunguliwi hovyo. Mwaka 2019 huko Arizona gesi ilikusanyika ndani ya kontena, mlango ukafunguliwa, likalipuka na kuwajeruhi wazima moto. Kwa hiyo uliza: betri ni za aina gani ya lithiamu? Zile za chuma na fosfeti hustahimili joto kuliko za nikeli. Zimefanyiwa kipimo cha UL 9540A, kile cha kuangalia moto unavyosambaa kati ya betri? Umbali kutoka kontena hadi nyumba ya mwisho ni mita ngapi? Kwetu ongeza swali la makuti. Paa la makuti na cheche havikai jirani, na kusi ikivuma umbali wa kwenye ramani unakuwa mfupi. Zima moto wa kaunti wapewe mafunzo na mpango wa dharura, kwa gharama ya kampuni, kabla ya kontena la kwanza kuwasili.

Kelele. Mafeni ya kupoza hunguruma, tena usiku zaidi ya wakati mwingine, kwa kuwa ndipo betri inapofanya kazi. Kiwango kipimwe kwenye dirisha la chumba cha kulala cha jirani wa karibu, kiandikwe.

Bima. Bima ya kampuni itaje jina lako, na mkataba useme kwamba jirani akishtaki kwa sababu ya mtambo, kampuni inasimama na inalipa.

Mahali pa kushtakiana. Nimeona rasimu ya shamba la huku kwetu ikisema mgogoro utaamuliwa London. Futa, weka Nairobi au Mombasa.

Hatua ya 7: Bodi ya ardhi na vibali

Shamba la kilimo lililo chini ya Sheria ya Udhibiti wa Ardhi haliwezi kukodishwa bila idhini ya bodi ya ardhi. Ombi liwasilishwe ndani ya miezi sita tangu kufanya makubaliano, la sivyo makubaliano yenyewe ni batili. Tena, sheria hiyo inaitaka bodi ikatae pale mpangaji anapokuwa asiye raia, au kampuni binafsi yenye mwanahisa asiye raia, isipokuwa Rais ametoa msamaha. Ndiyo maana nilisema toa CR12. Kampuni yenye hisa za nje itataka matumizi ya ardhi yabadilishwe kwanza kutoka kilimo, kupitia kaunti, kwa Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2019.

Kubadilisha matumizi si jambo dogo kwako. Muulize wakili wako: hati yangu itabadilika? Ushuru wa ardhi wa kaunti utapanda kiasi gani, na nani ataulipa? Mradi ukifa, nani atagharamia kurudisha shamba kuwa shamba? Majibu yaingie kwenye mkataba. Na badilisha kile kipande kinachokodishwa tu, shamba lote libaki lilivyo.

Sasa ile habari ya bodi. Nilimsindikiza mteja kikaoni, makaratasi yamekamilika, afisa wa kampuni na tai yake. Mwenyekiti hakumgeukia mzee. Alimgeukia mkewe aliyekaa kwenye benchi la nyuma na kumuuliza, "Mama, habari hii unaijua?" Mama akajibu taratibu, "Naijua, mwanangu. Ila sijaulizwa." Faili ikafungwa papo hapo, tukarudi mwezi uliofuata. Safari hiyo ya pili mama alikuja na sharti lake, kisima kisiingie ndani ya ua, na likaandikwa. Hakuna hata mmoja wetu pale ofisini aliyekuwa amekifikiria kisima.

NEMA, mamlaka ya mazingira, nayo lazima ihusishwe. Leseni ya mazingira ni kazi na gharama ya kampuni. Wewe nenda kwenye mkutano wa maoni, ukaseme yaandikwe. Wenzetu wa Marsabit walikuja kupata sauti yao mahakamani: Oktoba 2021 mahakama iliyokaa Meru iliamua kwamba hati za ardhi ya Lake Turkana zilitolewa bila kufuata sheria.

Hatua ya 8: Saini, ushuru na usajili

Wakili awe wako. Kampuni ilipe ada yake, hilo ni la kawaida na lidai, lakini umchague wewe na akuandikie wewe. Akikataa kukusomea mkataba kwa Kiswahili kifungu kwa kifungu, tafuta mwingine.

Mkataba wa kukodisha unaozidi miaka miwili husajiliwa. Ushuru wa stempu kwa mkataba wa zaidi ya miaka mitatu ni asilimia 2 ya kodi ya mwaka. Kwa laki nne ni shilingi 8,000. Kiasi hicho kisimshawishi yeyote kukuandikia kodi ya uongo, maana siku ya kudai utalipwa iliyoandikwa. Mchoro wa kipande kinachokodishwa, upimaji, usajili, vyote ni juu ya mpangaji.

Kodi utakayopokea ni mapato, na KRA wanataka sehemu yao. Ile asilimia 7.5 inayolipwa kila mwezi ni ya nyumba za kuishi, hii yako inaingia kwenye mapato yako ya kawaida ya mwaka.

Hatua ya 9: Siku ya kuondoka

Betri huchoka. Baada ya miaka kumi hadi kumi na mitano nyingi huwa zimepoteza nguvu na hubadilishwa, kwa hiyo shughuli ya kutoa taka itatokea hata kabla mkataba haujaisha. Iandikwe kwamba betri kuukuu haikai shambani hata kwa muda, na kwamba kampuni inaziondoa kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022.

Mwisho wa mkataba, waondoe makontena, ua, kebo, na saruji hadi kina cha mita moja, warudishe udongo wa juu waliouweka kando. Pesa ya kazi hiyo iwekwe benki kama dhamana, ianze kujazwa mapema, tuseme kuanzia mwaka wa kumi, na kiasi kipimwe upya kila miaka mitano. Chuma chakavu kisihesabiwe kama malipo. Na mpaka wamalize, kodi inaendelea.

Hili nalijua kwa macho. Baba alikodisha pembe ya shamba kwa mnara wa simu, karatasi kurasa tatu. Mnara ulihamishwa, vyuma vikaondoka kwa lori moja asubuhi moja. Bonge la saruji liko palepale, pana kama kitanda cha sita kwa sita, na kampuni iliyosaini ilishafutwa kwenye daftari. Tulipouliza bei ya kulivunja na kulibeba, ilizidi kodi ya mwaka mzima wa mwisho. Mama huanikia mahindi juu yake.

Ukishasaini, toa nakala tatu: moja kwako, moja kwa wakili, moja kwa mtoto aliye mbali na nyumbani. Kisha chukua kalenda ya ukutani na utie alama tarehe tatu: siku ya malipo ya kushikiliwa, siku ya mwisho wa miezi sita ya bodi, na siku ambayo kampuni ikipitisha bila kukuandikia, shamba linarudi kuwa huru. Asubuhi ya pili yake mpe wakili aandike barua ya kuthibitisha, aitume kwa mkono na kwa barua pepe, na zuio likiwa limewekwa kwenye hati, aombe liondolewe wiki hiyohiyo.